Sekunde Tatu za Chumvi

Ofisi yetu Hoima iko juu ya duka la misumari na mabati.
Chini wanapima waya kwa mita,
juu sisi tunapima karne.
Mchezo unaanza miaka mia sita iliyopita,
na Isingoma ameshapanda mahindi bonde zima.

Nikamwambia: mahindi hayajafika.
Akasema: mchezaji akiona mahindi anajua hapa ni shamba.
Muhogo pia toa, nikasema. Maharage, toa.
Tukabaki na ulezi,
na Birungi, anayejaribu kila toleo,
akauliza mbona hatujapalilia.

Farasi walinitoa jasho zaidi.
Zama za kale bila farasi, walisema, ni kutembea tu.
Ndiyo, nikajibu, ni kutembea tu.
Tukapatana miguu iongezewe kasi:
sasa mjumbe wetu anashuka genge la Kibiro kwa pumzi nne,
njia iliyonimaliza magoti
nikiwa na miaka tisa na kuni kichwani.

Kibiro ni hatua ya tatu. Niliiomba mwenyewe.
Nimezaliwa pale, chini ya ukuta wa mawe,
penye maji yachemkayo bila moto,
na nilitaka chumvi iende kama inavyokwenda:
tandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu,
ngoja jua,
geuza, ngoja jua,
kwangua, tia kwenye chungu chenye matundu,
mwagia maji, yadondoke yatakavyo,
chemsha mpaka macho yaive kwa moshi,
na kesho udongo uleule urudi kazini.

Birungi alicheza dakika kumi na moja,
akashuka kununua rolex, chapati na mayai mawili,
hakurudi mpaka saa tisa.
Kila kitu kilikuwa kweli
na kiti kilikuwa kitupu.

Basi nikakata. Siku zikawa saa, saa dakika,
nikafika sekunde tatu:
bonyeza, mng'aro mweupe, mlio kama wa sarafu.
Usiku ule nilijiona nimeuza kitu kisicho changu.

Jumapili nikampelekea mama kompyuta.
Akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza.
Chumvi.
Akabonyeza tena. Chumvi.
Nikaanza kuomba radhi, mama, ni mchezo, watu hawana subira,
"Nyamaza," akasema. "Mwaka ule wa mimba yako
ningekipata kitufe hiki ningekibusu."
Akabonyeza mara ishirini, akicheka,
akihesabu kwa sauti: sare, madaftari, ada ya muhula wa pili.

Kisha kidole kikasimama.
"Huyu kijana anakwangua bustani ya nani?"
Ya yeyote, nikasema. Ya mchezo.
Akaisogeza kompyuta
kama mtu anayerudisha sahani yenye unywele.
"Hii ya kona ni ya mama yangu, na kabla yake ya mama yake.
Jua mmeliharakisha, sawa, jua halina mwenyewe.
Lakini huyu hajabisha hodi."

Jumatatu nimeandika mistari arobaini.
Chumvi bado ni sekunde tatu.
Ila kila bustani sasa ina mwanamke ameinama,
na mjumbe hapati hata punje
mpaka amwite kwa empaako yake,
Abwooli, Adyeri, Akiiki, Ateenyi;
akikosea, mwanamke anaendelea na kazi
kana kwamba umepita upepo.

Birungi amekosea mara sita.
Isingoma, kwa raha ya kulipa kisasi cha mahindi,
ananikumbusha kuwa majina hayo, wasemavyo wengine,
yaliletwa baadaye, na watu wa kaskazini.
Huenda, nikamwambia.
Hodi ni ya kale kuliko jina.

Sasa wameondoka wote, duka la chini limefungwa.
Naenda na mjumbe mpaka bustani ya kona,
namwita Ateenyi,
anainua kichwa.

Huko nyuma ya kilima nimeona mahindi tena,
safu mbili, mtu kayarudisha kimyakimya.
Nimeyaacha mpaka kesho.